Kompyuta Yenye Homa

Hebu nijibu wewe unayesoma: umezungusha vyeti miaka minne, kila ofisi inakuandikia "we regret to inform you" mpaka ukiona herufi W unaichana barua bila kuisoma, halafu siku moja unapewa kazi. Kazi kabisa, yenye mkataba na muhuri. Sharti ni moja tu: kwa wiki mbili za mwanzo utumie jina la mtu mwingine. Utakataa?

Acha unafiki. Hukatai. Na sisi hatukukataa.

Aliyepewa kazi si mimi. Mimi nina shahada ya takwimu, daraja la juu, na kazi yangu kubwa mpaka leo ni kumshikia mama kitambaa anapokata. Aliyepewa ni mdogo wangu wa kike, wa mwisho, ambaye tangu anatambaa tunamwita Kitinda. Tuliomba wote wawili. Mimi niliambiwa I am overqualified. Overqualified! Mtu anayevaa suruali yenye kiraka kilichotiwa na mama yake! Yeye na diploma yake ya uhazili na vidole vyake vyepesi, wakamchukua.

Ilikuwa Jumanne, siku isiyo na lolote. Mama alikuwa dirishani kwenye cherehani chake, anapinda sketi za shule. Nyumba yetu ni vyumba viwili na sakafu ya saruji, na dirisha linatazama korido ambako majirani wanaanika nguo. Kitinda aliingia amebeba begi jeusi kifuani kama amebeba mtoto.

"Mama, wamenipa na laptop!"

Mama akaacha kukanyaga cherehani. Akafuta mikono, akaja kuitazama. Ilikuwa ya kijivu, imetumika, vibonye vingine vimefutika herufi. Chini ya vibonye, pale mtu anapoegemeza viganja, rangi ilikuwa imepauka sehemu mbili. Upande wa kushoto ulikuwa umepauka zaidi. Ukiangalia vizuri ulikuwa unaona hata mahali kidole gumba kilipolala.

Kazi yenyewe ilikuwa kujibu wateja. Kampuni yao imepewa kandarasi na mtu anayeuza majokofu, pasi, hita za maji, na vitu hivyo vikiharibika, watu wanaandika matusi. Kitinda anakaa nyumbani, anawajibu kwa adabu. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Wako kumi na wawili. Kila asubuhi saa mbili kamili Msimamizi anaandika jina la mmoja mmoja kwenye ukurasa wao, na kila mmoja ana dakika moja ya kuandika "Nipo." Usipoandika, umejifukuzisha.

"Sasa kuna kitu," Kitinda alisema. "Akaunti yangu bado inashughulikiwa. Bwana Mifumo kasema nitumie ya dada aliyekuwepo kabla yangu. Wiki mbili tu. Kasema nisibadilishe chochote, hata nywila."

Bwana Mifumo ndiye anayeshughulikia kompyuta pale ofisini. Namjua. Chuoni alikuwa ananakili kazi zangu neno kwa neno, na makosa yangu pia. Yeye ana kiyoyozi, mimi nina mkasi wa mama.

"Kaka, sijisikii vizuri kuitikia jina la mtu," Kitinda akaniambia.

Na mimi, msomi, mwenye ulimi wangu mrefu, nikamjibu: "Wewe hata wakikuita Ndoo, itika. Utajisikia vibaya ukishakula."

Mama alicheka. Kitinda akacheka. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu. Shikeni hapo.

Jina lile sitalitaja. Lina wenyewe. Sisi nyumbani tulimbatiza yule dada "Mwenyewe", na ukawa mzaha wetu. "Mwenyewe ameamka?" "Mwenyewe anataka chai?" Kitinda naye anajibu kwa sauti ya puani ya mabosi, "Kindly bear with us." Siku mbili za kwanza tulicheka sana.

Siku ya tatu laptop ikaanza kupata moto.

Mwanzoni lilikuwa jambo la kawaida. Feni yake ililia kama mbu aliyenasa sikioni. Tukafanya yale ambayo kila mtu hufanya. Tukaiinua kwa vizibo vinne vya chupa ili ipumue. Tukaipuliza vumbi. Kitinda akaiweka juu ya sinia la bati ili lifyonze joto, sinia akaliweka sakafuni kwenye saruji, akawa anafanya kazi amekaa chini na miguu ameikunja. Mama akamwelekezea feni yake ya cherehani, yeye mwenyewe akashona anatoka jasho. Yote hayo ili mteja fulani aambiwe kwa upole kwamba pasi yake haikuungua, aliiunguza mwenyewe.

Joto halikupungua. Na halikuwa linatoka mahali linapotakiwa kutoka. Laptop hupata moto chini, karibu na feni. Hii ilikuwa ya baridi chini. Joto lilikuwa juu, upande wa kushoto, pale palipopauka.

Jumapili, Kitinda hayuko kazini, mashine imezimwa tangu jana yake, mama akapita na vitambaa mkononi. Akasimama. Akainama, akaigusa ile sehemu. Hakuigusa kwa ncha za vidole kama mimi. Aliigusa kwa mgongo wa mkono, vile mama yeyote anavyomgusa mtoto kwenye paji la uso.

"Huyu ana homa," akasema.

Tukacheka tena. Lakini mama hakuondoa mkono haraka. Akaubakiza pale kidogo, kisha akaufuta kwenye gauni, mara mbili.

"Ina jasho," akasema.

Jumatatu nilichukua laptop kwa fundi wa mtaani, wakati wa mapumziko ya mchana ya Kitinda. Huyu fundi tunamwita Bisibisi, kwa kuwa anayo sikioni saa zote kama wengine wanavyoweka kalamu. Kibanda chake kimejaa simu zilizopasuliwa, na redio tatu zinazoongea kwa pamoja.

"Msomi!" akanipokea. "Bado hujapata kazi? Nikufundishe kulehemu?"

"Fungua hii, acha maneno."

Akaifungua. Akatoa betri, akaiweka kando. Akazungusha feni kwa kidole, akaipiga brashi. Akapaka ile dawa nyeupe ya kupooza joto. Akachungulia na tochi yake ya kichwani, akakunja midomo.

"Mashine safi. Hata vumbi haina. Nani kakuambia inapata moto?"

"Shika hapo kushoto."

Akashika. Mkono wake ukarudi upesi. Akaangalia betri iliyokuwa kando. Akaangalia waya ambao haukuchomekwa popote. Akazima redio ya kwanza, ya pili na ya tatu, halafu akavuta droo na kutoa kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso kama bastola. Akakielekeza kwenye mashine iliyofunguliwa matumbo.

Thelathini na nane na nusu.

Tukasubiri. Hakuna umeme. Hakuna betri. Akapima tena.

Thelathini na tisa.

"Msomi," akaninong'oneza, na sijawahi kumsikia Bisibisi akinong'ona, "mashine inapata moto ikifanya kazi. Sasa hii hapa inafanya kazi gani?"

Nilimsogezea betri airudishe. Alifunga skrubu upesi, mbili akazisahau mezani. Hakutaka malipo. Alinisukumia ile laptop kwa mpini wa ufagio, na nilipokuwa natoka nilisikia ananawa mikono.

Ndugu yangu, mimi ni mtu wa takwimu. Siamini mambo ya kwenye giza. Nilijiambia kipimajoto ni kibovu, Bisibisi ni mlevi, jua ni kali. Nikairudisha nyumbani, kwa sababu saa nane kamili mapumziko yangeisha na mdogo wangu angefukuzwa. Nilimkabidhi mimi mwenyewe, mkononi.

Vidole vyake viligusa vyangu. Vilikuwa vya baridi kama bomba la maji asubuhi.

Kuanzia hapo nilianza kuangalia. Kadiri joto la mashine lilivyopanda, Kitinda alikuwa anapoa. Mchana wa jua anavaa sweta. Kisha sweta na shuka. Kisha sweta, shuka na blanketi la mama, na meno yanagongana, na vidole havisimami. Alikuwa anajibu haraka kuliko wenzake wote kumi na mmoja. Msimamizi akamsifu mbele ya wenzake, ila alisifu jina la Mwenyewe. Wateja wakashukuru, wakamshukuru Mwenyewe. Wiki mbili zikaisha. Akaunti ikawa bado inashughulikiwa. Wiki ya tatu, ya nne. Kindly bear with us.

Kisha akaacha kula na sisi. Hakugoma. Unamwekea sahani, anaitazama tu, kama mtu aliyepewa chakula cha mgeni wa jirani.

Alhamisi moja, mchana kweupe, mama alimwita kutoka dirishani.

"Kitinda, nipe uzi mweusi hapo."

Vidole vinagonga vibonye.

"Kitinda."

Kimya.

"We Kitinda! Mwanangu!"

Hakugeuka. Hata bega halikutikisika. Mama akanitazama, na mimi nikamtazama mama. Sijui nini kilinituma. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nyuma yake, hatua tatu. Nikalitaja lile jina. Taratibu. Kwa sauti ambayo hata mbu asingeisikia.

Vidole vikasimama.

Shingo ikageuka.

"Abee?" akasema.

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu mzima, mpole, aliyechoka sana.

Mama alidondosha mkasi.

Siku ileile nilikwenda ofisini kwao. Nilivaa shati langu la usaili, shati ambalo limekataliwa na taasisi nyingi. Mapokezi wakaniambia niache barua. Nikawaambia sina barua, nina mdogo wangu. Nikapiga kelele kidogo, Bwana Mifumo akatoka mbio, akanivuta mpaka chumba kidogo chenye mashine zinazovuma.

"Bro, utaniharibia kazi."

"Yule dada wa kabla. Aliacha kazi lini?"

Akaangalia mlango. Akaangalia viatu vyake. Kumbe mtu mwenye kiyoyozi naye anatoka jasho.

"Hakuacha," akasema.

"Alifukuzwa?"

"Alikuwa mgonjwa. Homa. Aliomba ruhusa asubuhi, Msimamizi akamwambia amalize zamu. Wakati huo tulikuwa tunafanyia hapa hapa ofisini. Mchana akaomba tena. Akaambiwa amalize zamu." Sauti yake ikazama. "Saa kumi na moja wenzake waliinuka kwenda nyumbani. Yeye hakuinuka. Kiganja cha kushoto kilikuwa juu ya mashine. Nilikitoa mimi. Kilikuwa kimeganda pale. Na ilikuwa bado ya moto. Mashine. Yeye alishapoa."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kukaa chini.

"Na jina mkaliacha kwenye orodha."

"Mkataba na mwenye majokofu unasema watu kumi na wawili. Jina likitoka, tunabaki kumi na mmoja, na jina jipya linachukua miezi kupitishwa. Msimamizi akasema tuweke mtu alitumie. Kwa muda tu."

"Kwa hiyo mdogo wangu ni wa kwanza."

Akajifuta jasho kwa kola ya shati.

"Bwana Mifumo. Ni wa kwanza?"

"Wa tatu," akasema.

"Wawili wa kwanza wako wapi?"

Akatoa simu yake, akanionyesha namba mbili. Ya kwanza alikuwa ameipigia mara kumi na tisa. Ya pili mara thelathini na moja.

"Laptop walizirudisha?" nikauliza.

"Ni hiyohiyo moja," akasema. "Nilikuwa naikuta asubuhi imewekwa mlangoni kwa mlinzi. Mlinzi hajui nani kaileta."

Niliporudi, nilimweleza mama kila kitu jikoni, maji yakichemka ili Kitinda asisikie. Mama ni mtu ambaye kazi hiyo aliiombea kila siku kwa magoti. Alikuwa ameanza hata kutenga kitambaa cha kumshonea Kitinda suti ya ofisini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akazima jiko.

"Kesho haitikii mtu," akasema.

"Atafukuzwa, mama."

"Afukuzwe akiwa wangu."

Asubuhi yake, saa mbili kasoro robo, tulikuwa tayari. Mlango umefungwa, jua limejaa chumbani, nje watoto wanakwenda shule na majirani wanagombania kamba ya kuanikia. Laptop ilikuwa kwenye sinia, imezimwa, imefunikwa. Betri niliitia mfukoni mwangu. Kitinda nilimkalisha sakafuni mbele yangu, mgongo wake kifuani kwangu, blanketi limetuzunguka wote wawili, mikono yangu imemkumbatia. Alikuwa wa baridi hata nikaanza kutetemeka mimi. Mama alipiga magoti mbele yake, akamshika mashavu.

"Mwanangu, ukisikia lolote, usiitikie."

"Sawa, mama," akasema. Ilikuwa sauti yake. Ndogo. Ya Kitinda kabisa. Nikataka kulia.

Simu yangu ilikuwa sakafuni, spika imefunguliwa. Upande wa pili alikuwa Bwana Mifumo, ofisini, macho kwenye skrini. Ndiye angetuambia orodha ilipofika. Angalau hilo alilifanya.

"Ameanza," akanong'ona. "La kwanza. Amejibu. La pili. Amejibu."

Mama akaweka kiganja kwenye mdomo wa Kitinda.

"La tatu. La nne."

Kwenye sinia kitu kililia. Kama bati linapopanuka juani.

"La tano. Amejibu."

Sinia likalia tena.

"Jina lake," Bwana Mifumo akasema. "Limeandikwa. Msimamizi anasubiri."

Kitinda alikakamaa. Mgongo ukawa mbao. Nikamkaza. Mama akabonyeza kiganja, machozi yanamtoka, kichwa anakitikisa, hapana, hapana. Kitinda hakutoa sauti. Hakufungua mdomo. Alikuwa anajitahidi. Mungu anajua mtoto yule alijitahidi.

"Sekunde thelathini."

Mama akazidi kubonyeza.

"Kumi na tano. Mnaweza. Kumi."

Nikaanza kupumua.

Hapo nikasikia kitu kwenye mbavu zangu. Chini ya blanketi. Upande wa kushoto.

Kidole.

Kimegonga mara moja. Kisha cha pili. Kisha cha tatu. Kisha cha nne.

Vya moto.

"Amejibu," Bwana Mifumo akasema.

Nikapapasa mfuko wangu.

"Jamani? Amejibu. Imeandikwa 'Nipo'. Nani kaandika?"

"Betri ninayo mfukoni," nikasema.

Simu ikakatika. Nadhani aliikata mwenyewe.

Mama alitoa kiganja mdomoni mwa Kitinda, akakipeleka kwenye sinia, akagusa mashine kwa mgongo wa mkono. Akaugeuza mkono, akagusa tena kwa kiganja kizima.

"Imepoa," akasema. "Imepoa kabisa."

Na mimi, pale nilipokuwa nimemkumbatia mdogo wangu, nilikuwa naungua.

Homa ilimchukua siku tatu. Daktari wa zahanati alipima kila kitu, akasema damu safi, akaandika vidonge vya maumivu. Siku ya nne Kitinda aliamka, akaomba chakula, akala sahani mbili, akamtania mama kwamba sketi aliyoipinda imekwenda upande. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mwili wote ulikuwa na joto la mtu wa kawaida. Wote, isipokuwa mkono wa kushoto.

Laptop niliirudisha mwenyewe, nikasaini kitabu cha mlinzi, nikapiga picha saini. Wakaifungia kabatini. Nikadhani tumemaliza. Siku iliyofuata, saa mbili kamili asubuhi, tunakunywa chai, mkono wa kushoto wa Kitinda ukaweka kikombe chini na kugonga meza mara nne. Yeye alikuwa anaongea na mama. Hakujua kama umegonga. Kesho yake tena. Tuliufunga kwa kitambaa, vidole vikagonga ndani ya kitambaa. Kila nikimpigia Bwana Mifumo kumuuliza, ananijibu neno moja: "Kajibu."

Nikarudi ofisini. Safari hii niliongea na Msimamizi uso kwa uso. Mama wa makamo, manukato mazuri, kalamu mbili. Nikamwambia futa jina. Akanigeuzia skrini yake ili nione mwenyewe, kama anamwelimisha mtoto.

"Huyu kwenye mfumo ni active," akasema. "Anaitikia kila siku kwa wakati. Siwezi kumfuta mfanyakazi ambaye ni active."

"Amekufa," nikamwambia. "Amefia hapo nyuma yako."

Akarekebisha miwani. "Put it in writing," akasema.

Sawa. Ndiyo haya naandika.

Lakini kwanza mjue lililotokea wiki iliyopita, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kitinda alikwenda kujiandikisha kwenye ofisi ya watafuta kazi, nikamsindikiza, kwa kuwa na mimi ni mteja wao wa zamani. Mnapanga foleni, unaweka vidole kwenye kile kioo kidogo cha kijani, karani anaandika. Kitinda aliweka mkono wa kulia. Kioo kikalia, hakuna tatizo. Akaweka wa kushoto.

Karani akakunja uso. Akabonyeza. Akamwambia afute mkono aweke tena. Akaweka.

"Dada, mbona unatusumbua?" karani akasema. "Wewe tayari umo. Ulijiandikisha miaka sita iliyopita."

Akaigeuza skrini. Kulikuwa na picha ya mwanamke mtu mzima kuliko mdogo wangu, uso mpole, uliochoka sana. Chini ya picha jina. Lile jina. Karani akalisoma kwa sauti, kawaida tu, kama anavyowasoma wengine wote kwenye foleni.

Mkono wa kushoto wa Kitinda ukanyanyuka juu, wenyewe, kama mwanafunzi darasani.

Kitinda aliutazama. Sitausahau uso wake. Aliutazama kama unavyotazama mkono wa mtu mwingine uliokushika begani ndani ya umati.

Tulipofika nyumbani, mama alikifunua kile kiganja dirishani kwenye mwanga. Mistari yote ya Kitinda imefutika. Lile kovu la sindano ya cherehani alilolipata ana miaka saba, limefutika. Kuna mistari mingine. Mipya. Mama anapitisha kidole juu yake kila siku na kila siku anasema huyu simjui.

Na joto linapanda. Mama halipimi kwa kipimajoto, analipima kwa mgongo wa mkono wake, na uzi mweusi anaufunga pale linapokomea. Siku ya kwanza uzi ulikuwa kwenye kifundo cha mkono. Jumapili ulikuwa katikati. Leo asubuhi, baada ya saa mbili, ameufunga juu ya kiwiko.

Kwa hiyo Msimamizi, umetaka maandishi, haya hapa, na nakala imekwenda kwa kila mkubwa wako ambaye anwani yake niliweza kuipata. Usiniandikie kuhusu mfumo. Usiniambie nivumilie. Jina la sita kwenye orodha yako ni la mtu uliyemnyima ruhusa ya kwenda kuugua kwao, na kila asubuhi unamwita, na kila asubuhi anakuja, kwa sababu ulimzoesha kwamba asipokuja ataadhibiwa. Lifute. Mwandikie barua kwamba zamu yake imekwisha, usaini kwa mkono wako, uisome kwa sauti pale mezani pake. Watajeni wale wawili wa kabla ya mdogo wangu, muwaambie mama zao mlipowapeleka. Ile laptop itoeni kabatini muiweke mezani kwako wewe, si kwa mtoto wa mtu.

Na ufanye hivyo leo, kabla ya saa mbili ya kesho. Kutoka kwenye uzi mpaka begani hapazidi shibiri moja, na kutoka begani mpaka moyoni mimi sihitaji shahada kukupimia. Futa jina, mama. Turudishie mkono wa Kitinda.